Simba, tembo, Mmasai... na Mkiwa je?

Ndugu msomaji, nina swali moja. Ni lini mara ya mwisho uliona picha ya Mkiwa? Sizungumzii picha ya lori lililopinduka Mkiwa, wala ya kiongozi anayekata utepe huku wanafunzi wamepangwa juani. Nazungumzia picha ya Mkiwa yenyewe, iliyochorwa na mtu aliyekaa chini akapatazama, akaona panafaa kuchorwa, kisha mtu mwingine akatoa hela yake mfukoni akainunua na kuitundika ukutani kwake.

Hujawahi. Mimi pia sijawahi.

Najua wapo wanaouliza Mkiwa ni wapi. Ukitoka Dodoma kwenda Singida unapita Bahi, unapita Kintinku, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa, unaingia Manyoni, na ukiendelea mbele unafika mahali ambapo barabara ya kwenda Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya inachomoka na kuiacha ile ya kwenda Singida. Hapo ndipo Mkiwa. Wengi wetu tumepita hapo tukiwa tumelala, shingo imeangukia bega la jirani, au tukiwa tumeamka tunamuuliza kondakta "bado saa ngapi Singida?" Ukimuuliza Mbongo aliyesafiri njia hiyo mara kumi aliona nini kati ya Manyoni na Singida, atakujibu kwa maneno mawili: "Hakuna kitu."

Leo nagombana na hayo maneno mawili. Na ili nigombane vizuri, niruhusuni nianzie mbali kidogo, Japani.

Japani ya karne ya 19 ilikuwa na barabara kuu iliyoitwa Tokaido. Ilitoka Edo, mji ambao leo tunauita Tokyo, hadi Kyoto, takriban kilomita 500. Njiani palikuwa na vituo 53. Si majiji hayo. Ni vituo vya kubadilisha farasi na wapagazi, kulala, kula, kuvuka mto na kukaguliwa vibali. Kwa lugha yetu ungesema ni Bahi, Kintinku, Manyoni, Mkiwa, Issuna, Puma, Ikungi. Sehemu za kupita.

Akatokea mchoraji mmoja, Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa 1797, mtoto wa mtumishi wa zimamoto ambaye naye alirithi kazi hiyo hiyo ya baba yake akiwa bado mdogo. Kati ya 1833 na 1834 mfululizo wake wa picha za Tokaido ulitolewa: picha 55, yaani vituo vyote 53, pamoja na mwanzo wa safari na mwisho wake. Hakuchagua vituo vizuri akaacha vibaya. Kila kituo kilipata picha yake.

Na alichora nini? Pale Mariko alichora kibanda cha chakula: wasafiri wawili wanakula, mama mwenye mtoto mgongoni anawahudumia. Huyo ni mama lishe, ndugu zangu, ungemkuta Manyoni leo hii ungemwita mama ukaagiza chai. Pale Goyu alichora wanawake wa nyumba za wageni wanavyowavuta wasafiri kwa nguvu waingie kulala kwao, mmoja kakamatwa mzigo wake hadi unamkaba shingo. Kama umewahi kushuka stendi yoyote ya nchi hii na begi mkononi, wapiga debe wawili wakaligombania, basi picha hiyo unaijua bila kuiona. Pale Shono alichora mvua ya ghafla, wabeba machela wanapanda kilima mbio huku wengine wanateremka wameinamia mwavuli. Hakuna mfalme, hakuna shujaa, hakuna mnyama wa ajabu. Ni watu na njia na hali ya hewa.

Sanaa hiyo yaitwa ukiyo-e, yaani picha za dunia inayoelea, dunia hii ya kupita. Jambo ambalo wasomi wetu wengi hawalijui, kwa sababu picha hizo siku hizi zinakaa kwenye majumba ya makumbusho chini ya vioo, ni kwamba zilikuwa bidhaa za bei rahisi. Nakala moja iliuzwa kwa bei ya bakuli la tambi, labda mawili. Fundi, mchuuzi, mtumishi wa nyumbani, wote waliweza kununua. Zilichapwa kwa maelfu.

Ilifanyikaje? Tajiri wa kazi hiyo alikuwa mchapishaji. Yeye ndiye aliyetoa mtaji na kukisia soko linataka nini. Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika karatasi ile kifudifudi juu ya ubao wa mcheri akachonga mstari kwa mstari, akaacha yale yanayotakiwa kupakwa wino yakiwa yameinuka. Kila rangi ilihitaji kazi yake ya kuchongwa, na kwenye ubao palichongwa alama mbili ndogo za kulengeshea karatasi ili rangi zisipishane. Mwisho mpigachapa akapaka rangi, akalaza karatasi, akasugua mgongoni kwa kisugulio bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Watu wanne, kila mmoja na ufundi wake na kipande chake cha hela. Hapakuwa na mfadhili wala semina wala posho ya kikao. Ilikuwa biashara. Na serikali yao haikuwa ya kuchekea: picha zilipita kwa wakaguzi na kugongwa muhuri kabla ya kuuzwa, na mwaka 1842 wakapiga marufuku picha za waigizaji na za makahaba. Wachapishaji wakageukia zaidi milima na barabara. Nasema haya kwa wale ambao kila kitu kikikwama wanasema "mazingira si rafiki".

Sasa rudini nami nyumbani.

Barabara yetu ya kati ni ya zamani pia. Kabla ya lami, kabla ya reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma 1914, palikuwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kupitia Mpwapwa, Ugogo na Tabora. Kilimatinde, hapo hapo wilayani Manyoni, ni moja ya vituo sita ambavyo Tanzania iliviorodhesha UNESCO mwaka 2006 katika pendekezo la njia ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Wanyamwezi walibeba mizigo njia hiyo, watumwa waliburutwa njia hiyo, Waarabu, Waswahili na Wazungu walipita njia hiyo. Kama barabara ina haki ya kuchorwa kwa sababu ya yaliyopita juu yake, hii yetu ina haki mara mbili.

Na ilichorwa! Hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1857, wakati Hiroshige bado anatoa mfululizo wake wa mwisho mkubwa wa mandhari za mji wa Edo, Richard Burton na John Speke walikuwa wanakatiza Ugogo kwenda Kazeh, yaani Tabora. Kitabu cha Burton kikatoka London mwaka 1860 kikiwa na picha zilizochongwa kwenye mbao, nyingine za rangi. Stanley akapita 1871, kitabu chake kikatoka 1872, nacho kimejaa picha za kuchongwa. Ufundi ule ule, ubao na patasi na wino! Ila waliochonga walikuwa mafundi wa London, wakifuata michoro na maelezo ya wasafiri, na waliouziwa walikuwa wasomaji wa huko huko. Babu zetu wamo humo kama mapambo ya safari ya mtu mwingine.

Linganisha. Karne moja, ufundi mmoja. Mjapani alichonga barabara yake amuuzie Mjapani mwenzake. Barabara yetu ilichongwa na mgeni amuuzie mgeni mwenzake. Tangu hapo sisi tumebadilisha nini? Tumebadilisha aliyeshika brashi tu. Mnunuzi ni yule yule.

Twende kwenye duka lolote la sanaa Dar es Salaam, Arusha au Stone Town. Utakuta nini ukutani? Simba. Tembo watatu wanatembea jua likizama. Mlima Kilimanjaro na twiga mbele yake. Wamasai sita warefu kama vijiti, hawana nyuso. Mlango wa Zanzibar. Basi. Nchi ya mikoa zaidi ya 30 imefupishwa ikatosha kwenye begi la mtalii. Hata mfukoni mwako, toa noti ya 2,000, ya 5,000 na ya 10,000 uzigeuze mbele: simba, faru, tembo. Sina ugomvi na wanyama, ni wetu na tuwalinde. Lakini Wajapani walipotoa noti yao mpya ya yeni 1,000 mwezi Julai 2024, mgongoni waliweka wimbi la Katsushika Hokusai. Wimbi hilo na ndani yake wavuvi wameinama kwenye mitumbwi yao. Kazi ya wachongaji wa mtaani, iliyouzwa kwa bei ya tambi, ndiyo iliyopanda hadi kwenye hela ya taifa.

Msinielewe vibaya kwamba nawalaumu wachoraji. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya hardboard, akauza pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa sababu ndipo wanunuzi walipokuwa, na wengi wao walikuwa wageni. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, kwa makosa, akiwa na miaka michache tu ya kazi nyuma yake. Alichora ndege na wanyama kwa sababu walinunuliwa. Wewe na mimi tungefanya nini? Mtu ana watoto wanataka kula. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mchoraji wetu akicheza kwao hatunzwi, anaambiwa "kaka hii picha nzuri, nichoree na mimi bure". Basi anakwenda kucheza kwa wageni, na anacheza ngoma wanayoitaka wao.

Wala hatuna uhaba wa mikono. Sam Ntiro alichora maisha ya vijijini Uchagani, watu wanalima, watu wanapeleka pombe ya ndizi harusini usiku, na picha yake hiyo ya mwaka 1956 ilichukuliwa na jumba la MoMA la New York mwaka 1960, kabla hata hatujapata uhuru. George Lilanga na Robino Ntila walifanya kazi za kuchapa pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa ya Bagamoyo wanafundisha sanaa hadi leo. Na kwa upande wa mjini tulishakuwa na kitu kinachofanana kabisa na ukiyo-e, tena bila kukijua: gazeti la Sani. Madenge, Lodi Lofa, Ndumilakuwili! Mtaa wa Dar es Salaam ulichorwa mle, baa zake, matapeli wake, vijana wake wasio na kazi, wakachapwa kwenye karatasi ya bei rahisi na kuuzwa mpaka stendi za mikoani. Baadaye James Gayo akatupa Kingo. Watu walinunua kwa hela yao, wakapokezana hadi karatasi ikaisha. Kwa hiyo nani alisema Mtanzania hanunui picha?

Na kama Sani haikutoshi, fungua sanduku la mama yako. Kanga! Kanga ni nini kama si picha ya kuchapwa, ina pindo, ina mji, ina jina, inauzwa kwa doti, inanunuliwa na mwanamke mwenye duka na mwanamke asiye na kitu? Ina mananasi, ina korosho, ina jogoo, ina matukio ya nchi, na chini yake maneno ya kumpasha jirani. Na kwa taarifa yenu, kwa miaka mingi ya karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa pwani hii zilipigwa chapa Japani hiyo hiyo, kwa miundo na majina yaliyoagizwa na wafanyabiashara wa huku kwetu. Viwanda vya Wajapani vilijua kwamba mwanamke wa Mombasa, Unguja na Tabora ni mnunuzi wa picha. Sisi wenye digrii ndio tusiojua.

Kwa hiyo hoja ya umaskini naitupa. Hoja ya kwamba sanaa ni ya Wazungu naitupa pia. Zimebaki mbili ambazo nazisikia sana kwa washikaji wangu wasomi.

Ya kwanza: "Siku hizi kuna simu. Kila mtu anapiga picha. Mchoro wa nini?" Sawa, simu zipo. Sasa nioneshe picha ya Mkiwa kwenye simu yako. Huna. Umepiga chips, umepiga viatu vyako, umepiga mbawa ya ndege ukiwa dirishani. Kuwa na kamera si kutazama. Kati ya picha maarufu zaidi za Hiroshige kuna ile ya kituo cha Kambara, usiku, theluji nzito, watu watatu wanakanyaga kimya. Kambara ni pwani yenye hali ya hewa ya joto kidogo, theluji ya namna ile ni nadra mno. Kwa hiyo hakunakili alichokiona, alikibuni ili msafiri ahisi usiku na uchovu na ukimya wa mahali hapo. Baada ya picha ile Kambara haikuwa tena sehemu ya kupita. Simu inakupa ushahidi kwamba ulifika. Mchoraji anakupa sababu ya kushuka.

Ya pili: "Utalii ndio unaingiza fedha, mtalii hataki Mkiwa, anataka simba." Nani kakwambia Hiroshige aliwachorea watalii? Aliwachorea watu wa Edo. Wazungu walikuja kuzivumbua picha hizo baadaye, na walipozivumbua walichanganyikiwa. Vincent van Gogh alikusanya mamia ya picha za Kijapani, na mwaka 1887 akakaa chini akanakili mbili za Hiroshige kwa mkono wake, ile ya bustani ya miti ya plamu na ile ya mvua darajani. Alizipenda kwa sababu hazikumchorea yeye. Zilikuwa na harufu ya kwao. Sisi tunafanya kinyume: tunaanza na kile tunachodhani mgeni anataka, halafu tunashangaa kwa nini picha zetu zote zinafanana na hakuna anayekumbuka jina la mchoraji. Ukitaka mgeni akuheshimu, anza kumuuzia ndugu yako.

Sasa niingie kwenye kiwanda changu mwenyewe, maana siwezi kuwarushia wengine mawe nikaacha magazeti. Gazeti moja ambalo sitalitaja niliwahi kulipelekea pendekezo la makala za mfululizo kuhusu vijiji vya barabara ya kati, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja na mchoro wa mchoraji wetu. Jibu nililopewa lilikuwa swali: "Kuna nini huko? Kuna ajali? Kuna waziri anakwenda?" Hapakuwa na ajali wala waziri, na makala hazikutoka. Ndivyo mikoa ya kati inavyoingia ukurasa wa mbele: njaa, ajali, imani za kishirikina, ziara. Halafu kijana wa Singida akija mjini anacheka mwenyewe kabla hajachekwa, anasema "mimi natoka huko kwenye kuku". Tumemfundisha kwamba kwao panastahili ama huruma ama utani.

Katika Kiswahili mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumtazama. Sisemi ndiyo asili ya jina la kijiji kile. Nasema tu kwamba sisi tumekitendea sawasawa na neno hilo.

Na hapana, si kweli kwamba "hakuna kitu". Nilishuka pale nikiwa kazini, gari letu likisubiri spea kutoka Singida, na nilikuwa na saa sita za kutazama. Asubuhi upepo wa Singida ulikuwa unapiga magunia ya alizeti yaliyopangwa barabarani, na wenye magunia wamejifunika makoti mazito kama wapo Njombe. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapunguza mwendo njia panda, dereva anatoa mkono nje bila kusimama, kijana anakimbia na mfuko wa karanga, anauza huku anakimbia, chenji inarushwa. Bibi anakatiza lami na mbuzi wanne, anasimamisha basi zima kwa kunyanyua fimbo tu. Nyuma yao zile tembe zilizobaki, nyumba za udongo zenye paa bapa, rangi moja na ardhi, halafu mibuyu, halafu vichaka vya kwenda Itigi vinavyoonekana vya kijivu mpaka mvua inyeshe. Jioni vumbi linageuka rangi ambayo sina jina lake kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine. Hokusai na Hiroshige walikuwa na rangi ya buluu iliyotoka Ulaya, wakaitumia kwa mbingu na maji hadi watu wakawajua kwa buluu hiyo. Nani atatutafutia rangi ya vumbi la Mkiwa saa kumi na mbili jioni?

Na kuna haraka. Tembe zinabomolewa, na ni haki ya watu kujenga nyumba za bati na tofali, sitaki mtu aishi kwenye makumbusho ili mimi nifurahi. Mabasi yanakwenda mbio zaidi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na njia yake inajengwa kuelekea Makutupora, Manyoni na Tabora. Ni jambo jema. Lakini kila tunavyokwenda kasi, ndivyo sehemu za kupita zinavyozidi kuwa ukungu dirishani. Tokaido ya Hiroshige nayo ililetewa reli: mwaka 1889 treni ilishafika kutoka Tokyo hadi Kobe. Vituo vingi vikasinzia. Lakini Mjapani wa leo anajua Mariko ilikuwaje, Shono ilikuwaje, mvua yake, chakula chake, kwa sababu mtu aliwahi. Sisi tukichelewa, mjukuu wako atakayetaka kujua njia panda ya Mkiwa ilifananaje ataletewa ripoti ya usalama barabarani.

Basi ninachodai ni kitu kidogo tu, na nakidai kwetu, si kwa wizara. Wizara ikitaka isaidie, ila tusiisubiri.

Mwenye kiwanda cha uchapaji, wewe unayechapa kalenda kila Desemba zenye maporomoko ya maji ya Uswisi: mlipe mchoraji mmoja asafiri kwa basi kutoka Dar hadi Mwanza, ashuke kila kituo, Gairo, Kibaigwa, Bahi, Manyoni, Mkiwa, Ikungi, Misigiri, Shelui, Igunga. Kila kituo picha moja. Mbao zetu zipo, wachongaji wa vinyago na wa milango tunao. Chapa nakala nyingi, uza kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, stendi hizo hizo, mikononi mwa wachuuzi hao hao wanaouza maji na biskuti. Muuzie abiria kituo chake. Mtu wa Ikungi atanunua Ikungi, nakwambia, kama anavyonunua kanga yenye jina linalomgusa.

Mhariri, acha nusu ukurasa kwa wiki. Tangazo la mganga linaweza kusogea.

Mchoraji, najua njaa yako. Chora simba Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi chora stendi.

Na wewe msomi mwenzangu, mwenye sebule na mshahara na maoni mengi kuhusu utambulisho wetu: angalia ukuta wako sasa hivi. Kama kuna bango la timu ya Uingereza, saa ya zawadi ya harusi na picha ya mahafali yako, basi wewe ndiye mnunuzi aliyekosekana katika habari hii yote. Wachoraji hawakutoroka kwenda kwa watalii. Walikugongea wewe kwanza, hukufungua.

Anayesema naota ndoto ajibu hoja, asijibu mimi. Na akinijibu aanze kwa kunitajia kituo kimoja cha barabara ya kwao ambacho amewahi kukiona kimechorwa. Kimoja tu.